Habari Niliyobebeshwa Kidahwe

Siku ile naikumbuka vizuri kuliko jana, mwanangu. Nilikuwa nimesimama ufukweni Katonga, pale Kigoma, nimeegemea baiskeli yangu, nikimtazama mzee mmoja akitembea kinyumenyume katikati ya dagaa walioanikwa mchangani.

Mzee huyo tulimwita Mwalimu Lubunga. Alikuja kwetu kutoka Uvira, ng'ambo ya ziwa, katika miaka ile ya wakimbizi, pamoja na maelfu ya wenzake, akiwa na suti moja ya kijivu na uma mdogo wa chuma ambao aliugonga gotini ili kupata noti ya kuanzia wimbo. Kabla vita havijamfukuza kwao alikuwa mwimbaji wa opera. Sijui kama umewahi kuusikia uimbaji huo. Ni hadithi nzima inayoigizwa jukwaani kwa kuimbwa, na mwimbaji hapewi kipaza sauti. Anasimama na kifua chake tu, na mtu aliyekaa kiti cha nyuma kabisa anapaswa kumsikia hata pale wimbo unaponong'ona.

Ndiyo maana mzee alikuwa anarudi nyuma. Mwanafunzi wake, Goreti, alikuwa amesimama karibu na maji akiimba, naye Mwalimu alikuwa anapima sauti ile inafika wapi katika makelele ya soko la samaki. Hakumruhusu kupayuka.

"Usinifukuze," alimwambia. "Niite."

Goreti akaanza tena, na mzee akarudi nyuma tena, macho ameyafumba, hadi kisigino chake kikaingia kwenye dagaa wa watu.

"Mzee! Hao ni dagaa, si zulia!" mama mmoja alimfokea.

"Samahani, mama. Nilikuwa nasikiliza."

"Basi sikiliza na kwa miguu!"

Watu wakacheka. Vijana waliokuwa wanateremsha migebuka kutoka kwenye boti nao wakapata la kusema. "Sista, punguza volyumu! Boti la Burundi limeshakusikia, linageuza!"

Goreti aliangua kicheko katikati ya noti. Mwalimu akainua mkono. "Tangu mwanzo," akasema, na Goreti akaanza tangu mwanzo, huku bado anatabasamu na uso ameuelekeza kaskazini, upande ambao ziwa linaingia Burundi.

Nikueleze kwanza Goreti alikuwa nani. Alikuwa binti wa Kirundi kutoka milima ya juu ya Rumonge, umri wake kama wangu wa wakati ule. Siku walipokimbia, baba yake aliwatanguliza yeye na mama yake, akabaki nyuma kufunga nyumba na kumwachia jirani mbuzi wao. Alisema atawafuata. Tangu hapo hawakusikia neno lake. Kila wapya walipofika kambini, Goreti alikwenda kuwauliza, na kila mara alirudi hana jibu. Mwalimu alimsikia huko huko kambini, akiimba na kwaya, akahangaika hadi mama na binti wakapata kibali cha kukaa Ujiji, katika chumba cha uani kwenye nyumba ya watu wema.

Mimi nilikuwa kijana wa Kidahwe, nimerudi nyumbani na shahada yangu, nasubiri kazi ambayo haikuwa na haraka ya kunipata. Baba yangu alikuwa katekista na alinifundisha kinanda tangu nikiwa mdogo. Basi Mwalimu akanichukua nimpigie Goreti piano, ile piano nzee iliyokuwa kwenye ukumbi mmoja pale mjini, ambayo vibonye vyake vilivimba kila msimu wa mvua. Nilikuwa na kasoro moja kubwa, mwanangu, nayo ni kufikiri kupita kiasi. Mtu akinisalimia asubuhi, hadi mchana nilikuwa bado najiuliza kama nilimwitikia kwa sauti inayostahili. Nikialikwa mahali, nilianza na kutafuta sababu iliyowafanya wanialike. Mwalimu alinizoea. Nikiwa nimekaa mbele ya piano nasita, alikuwa anaugonga tu uma wake na kusema, "Kijana, hiyo noti haikuulizi kitu. Ipige."

Sasa mashindano yenyewe. Taasisi moja ya ng'ambo ilikuwa inatafuta waimbaji chipukizi wa opera katika nchi zetu, na walikuwa wamesikia habari za sauti zilizomo kwenye kwaya za wakimbizi. Kwa kuwa wakimbizi hawakuruhusiwa kutoka mkoani, majaji wakaamua kuja wenyewe kwa treni hadi Kigoma. Mshindi angepelekwa Ulaya kusomea uimbaji. Kwa sisi wengine hilo lilikuwa jambo la fahari tu. Kwa Goreti lilikuwa mlango wa kutoka ukimbizini, yeye na baadaye mama yake, na hapakuwa na mlango mwingine tuliouona.

Alichagua wimbo wa binti anayemwona baba yake akirudi nyumbani baada ya kupotea miaka mingi. Ni wimbo wa furaha, wa Kiitaliano, na pale mwisho sauti inapanda polepole kama mtu anayeinuka kutoka kitini asiamini macho yake. Niliwahi kumwambia kwamba majaji wangependa zaidi wimbo wenye mbwembwe za kuonyesha ufundi.

"Huu ninaufanyia mazoezi ya mambo mawili," alinijibu. "Mashindano ni moja."

Sikumuuliza la pili. Nililijua.

Alikuwa akiuimba wimbo ule, mwanangu, kwa namna ambayo sijaisikia tena. Nimesikia sauti kubwa kuliko yake, nimesikia zilizofundishwa zaidi. Lakini ile ya Goreti ilikuwa na mtu mbele yake. Ukimsikiliza, ulijikuta unageuka kutazama mlangoni.

Siku moja kabla ya mashindano nilikuwa nyumbani Kidahwe, nafuta matope kwenye baiskeli ili nishuke mjini kwa mazoezi ya mwisho. Lori lililobeba wakimbizi wapya likielekea Kasulu likasimama pale barabarani kupoza injini. Watu wakateremka kunyoosha miguu. Mwanamume mmoja, mrefu, kajifunga shuka begani, akaanza kuwauliza watu kwa Kirundi kama kuna anayemjua mama mmoja wa Rumonge mwenye binti mwimbaji. Kiha chetu na Kirundi chao ni lugha za ndugu, kwa hiyo nilimwelewa, na nikawa mjinga wa kuitikia kwa furaha.

"Ninawajua! Wako Ujiji. Binti yao mimi ndiye ninayempigia kinanda."

Kisha akanishika mkono, akanivuta pembeni. Alikuwa jirani yao, yule aliyeachiwa mbuzi. Akaniambia kwamba baba yake Goreti hakuwahi kutoka pale kijijini. Alifia nyumbani kwake, siku chache baada ya mkewe na bintiye kuondoka, naye jirani alimzika kwa mikono yake nyuma ya nyumba, karibu na migomba.

"Nimetembea na neno hili muda mrefu," akasema. "Mimi napelekwa kambini, sitaruhusiwa kushuka Ujiji. Wafikishie wewe. Nimelitua kwako."

Dereva akapiga honi. Mtu yule akapanda lori, na niliona mabega yake yameshuka kama ya mtu aliyeweka gunia chini. Mimi nikabaki nimesimama na kitambaa cha matope mkononi.

Hapa lazima nikueleze desturi, maana bila hiyo hutaelewa kilichonitesa. Kwa Warundi, na kwa sisi Waha pia, habari ya kifo hairushwi njiani. Hupelekwa na mtu mzima, nyumbani kwa wafiwa, watu wote wakiwa wameketi. Ikishatamkwa, nyumba imeingia msibani. Na aliye msibani haimbi nyimbo za furaha wala hachezi ngoma hadi ndugu wakusanyike, wakae, na kuuondoa msiba kwa pamoja. Hata kama inachukua miezi. Kuimba kabla ya hapo ni kumtukana marehemu mbele ya watu wake.

Kutoka Kidahwe hadi Ujiji ni mwendo mrefu wa baiskeli, na sehemu kubwa ni mteremko, kwa hiyo nilikuwa na nafasi ya kutosha ya kufikiri. Nikafikiri hivi: nikimwambia leo, kesho hataimba, na treni itaondoka na majaji, na mlango utafungwa. Kisha nikafikiri: nisipomwambia, ataimba vizuri kuliko wote, kwa sababu bado anamngoja. Matumaini yale ndiyo sauti yenyewe. Kisha nikakumbuka desturi, na hapo nikaona ujanja ambao ulinifurahisha kwa kweli. Msiba huanza habari inapotamkwa. Asiyeambiwa bado hajaingia msibani. Kwa hiyo, Goreti akiimba kesho bila kujua, hajamkosea mtu. Habari itamfikia keshokutwa, akiwa na nafasi yake mkononi, na desturi itakuwa haijavunjwa hata kidogo. Nilipofika kwenye nyumba za kwanza za mjini nilikuwa nimeipanga hoja ile kama ninavyopanga insha ya chuo, na nilikuwa nasubiri tu mtu wa kunisahihishia na kuniwekea alama nzuri.

Mtu huyo nilimchagua Mwalimu Lubunga. Nilijua atakubali. Nani alikuwa na sababu ya kukubali kuliko yeye? Alikuwa hana tena jukwaa, hana nyumba, hana mke wala mtoto. Alichobakiwa nacho ni sauti ya yule binti.

Nilimkuta amekaa kizingitini kwake, Ujiji, suti ya kijivu ipo magotini, anaisugua kola kwa brashi na maji ya sabuni.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Umechelewa. Mwenzako ameshakwenda kisimani, akirudi tunaanza."

Nikamweleza. Nikamweleza habari, kisha kwa haraka nikamweleza hoja yangu, sehemu zake zote, bila kumpa nafasi ya kuingilia. Brashi ilisimama nilipotamka kifo na haikusogea tena.

"Umemaliza?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Unasema asiyeambiwa hana msiba."

"Ndivyo desturi ilivyo."

"Sawa. Na wewe uliyeambiwa?"

Katika kufikiri kwangu kote, mimi mwenyewe sikuwamo.

"Wewe sasa ndiye mfiwa," akasema. "Umeubeba msiba wa mtu kutoka Kidahwe mpaka hapa. Kesho utakaa kwenye piano, umeuvaa, na utampigia yeye wimbo wa baba amerudi. Utamtazama usoni? Utatazama wapi, kijana?"

"Lakini Mwalimu, nafasi yake..."

"Nafasi yake naijua kuliko wewe. Nyamaza kidogo." Aliiweka suti kando. "Zamani, nilikuwa kijana kama nyinyi, nilikuwa naimba katika mji wa mbali, ukumbi umejaa. Mama yangu alikufa asubuhi ile. Habari ilifika, wakubwa wa ukumbi wakaipokea, wakasema, asubiri, aimbe kwanza. Wakawaambia wapiga vyombo. Wapiga vyombo wakawaambia rafiki zao. Mimi nikaimba. Sijawahi kuimba vile. Watu walisimama wakapiga makofi, na wengine walikuwa wanalia, na mimi nikafikiri wanalia kwa uzuri wa sauti yangu. Nikainama, nikatabasamu. Unaelewa? Ukumbi mzima ulikuwa unajua. Aliyekuwa hajui ni mimi peke yangu."

Alitoa uma wake wa chuma mfukoni, akautazama, akaurudisha bila kuugonga.

"Waliniambia nyuma ya pazia. Walikuwa watu wema, walinipenda, walifikiri wananisaidia. Tangu siku ile, nikisikia makofi, nauliza moyoni: hawa wanajua nini ambacho mimi sijui? Niliacha kuimba si muda mrefu baadaye. Watu wanasema vita ndivyo vilivyoninyamazisha. Vita vilinikuta nimeshanyamaza."

Akasimama na kuvaa koti la ile suti likiwa na kola mbichi.

"Twende. Na usinitazame kama mbwa aliyepigwa. Hukufanya kitu bado. Ulikuwa unataka kufanya."

Mama yake Goreti alikuwa uani anachambua maharage. Goreti alikuwa ndiyo kwanza ametua ndoo. Waliponiona nimefuatana na Mwalimu aliyevaa suti, saa ambazo tulipaswa kuwa ukumbini, mama aliacha kuchambua. Nadhani alijua kabla hatujaketi. Mwalimu akaomba tuketi wote, hata Goreti aliyekuwa anataka kutuletea maji. Na hapo ndipo nilipogundua jambo ambalo sikulifikiria njia nzima, mimi niliyefikiria kila kitu. Mwalimu hakujua Kirundi, na mama yule hakujua Kiswahili cha kutosha. Mwalimu alitamka maneno ya utangulizi taratibu, kwa adabu zote, kisha akanigeukia mimi kwa yale yaliyobaki. Ilinilazimu niyaseme.

Niliyasema. Sauti yangu niliisikia kama ya mtu mwingine aliye nyuma ya ukuta. Nikaeleza alipofia, nani alimzika, na kwamba kaburi liko karibu na migomba.

Mama hakupiga yowe. Alizikusanya punje za maharage zilizokuwa nje ya ungo, akazirudisha ndani, kisha akaufunika uso kwa kanga. Goreti alikaa amenyooka vile vile anavyokaa kabla ya kuimba.

"Alikufa lini?" akaniuliza.

Nikamweleza alivyosema jirani, siku chache baada ya wao kuondoka.

"Kwa hiyo wakati wote huu." Alifikiri. "Pale Katonga, wakati wote ule, hakuwa njiani."

"Hapana."

"Data," akasema, ndivyo wanavyomwita baba kwa lugha yao. Akaenda akaketi chini karibu na mama yake, na wanawake wa nyumba ile, wenye nyumba wa Ujiji, walipoona hali wakaleta mikeka bila kuulizwa chochote, na uani pakawa msibani.

Kesho yake sikutegemea kumwona. Nilikwenda ukumbini kwa sababu Mwalimu aliniambia niende. Watu walikuwa wengi, wengi wao hawajui opera ni nini, wamekuja kwa sababu bure ni bure. Kijana mmoja nyuma yangu alikuwa anauliza, "Spika ziko wapi? Hawa wamesahau spika!" Kulikuwa na waimbaji kutoka kambi mbalimbali, na wawili watatu wa mjini, wameshonewa nguo za kupendeza. Waliimba vizuri. Kila aliyemaliza alipigiwa makofi, nami kila makofi yalipolia nilimtazama Mwalimu, ambaye alikuwa ameketi kiti cha nyuma kabisa, mikono magotini.

Jina la Goreti lilipoitwa, nilikwenda kukaa kwenye piano kwa mazoea tu, na mlango ukafunguliwa akaingia. Alikuwa amevaa kanga ya mama yake, kichwa amekinyoa, viatu hana. Mama yake alikuwa pamoja naye. Walipita katikati ya watu mpaka mbele. Alipanda jukwaani akanitazama pale kwenye piano, akatikisa kichwa, nami nikaufunga mfuniko.

Aliongea kwa Kiswahili, kwa sauti ya kawaida tu. Na ile sauti ya kawaida ilifika viti vya nyuma bila shida.

"Nimekuja kuwashukuru kwa kusafiri mpaka kwetu. Wimbo wangu ulikuwa wa binti aliyerudiwa na baba yake. Jana nimeambiwa baba yangu amefariki. Kwetu, mtu aliye msibani haimbi. Sikutaka mniite mara tatu mkafikiri nimeogopa."

Mkalimani aliwaambia majaji. Mmoja wao, mama wa makamo mwenye miwani, aliuliza kitu, na mkalimani akamgeukia Goreti: hawezi kuimba hata wimbo wa huzuni? Treni yao inaondoka kesho.

"Ninaweza," Goreti akajibu. "Koo langu halina ugonjwa. Ila nitakuwa nimemfanya baba yangu wimbo wa mashindano."

Yule mama alipotafsiriwa alivua miwani, akasimama. Wenzake wakasimama. Kisha ukumbi mzima ukainuka, hata yule kijana wa spika. Hakuna aliyepiga makofi. Watu walisimama kimya kama tunavyosimama jeneza linapopita, na Goreti naye akasimama kimya akitutazama, na hakukuwa na kitu hata kimoja ambacho sisi tulikijua na yeye hakijui. Niligeuka nyuma. Mwalimu Lubunga alikuwa amesimama pia, na machozi yanamchuruzika, na hakuyafuta.

Nafasi ya Ulaya alipewa mwingine, kijana mwenye sauti nzito. Aliistahili. Treni ikaondoka.

Sitakudanganya, mwanangu. Katika wiki zile zilizofuata kuna siku niliamka na kutamani ningenyamaza. Nilimwona Goreti akisuka mikeka na mama yake pale uani, nikawaza alikopaswa kuwa. Nikifikiri, nilikuwa naifungua ile hoja yangu ya kwenye baiskeli na kuikuta bado inasimama kila upande. Hoja mbaya si lazima iwe na kasoro ndani yake. Yangu ilikosa kauli ya mtu mmoja tu, yule iliyemhusu.

Miezi ikapita. Ndugu waliotawanyika katika kambi mbalimbali wakaombewa ruhusa, wakakusanyika, na siku ya kuondoa msiba ikafanyika. Walikubaliana ifanyike Katonga, kwa sababu, alisema mjomba mmoja mzee, maji haya ndiyo yale yale yanayogusa Rumonge, na wao hawana njia nyingine ya kuligusa kaburi. Wakanawa ziwani, mama akatangulia. Wakala, wakanywa, wakataja jina la marehemu na vituko vyake, na kwa mara ya kwanza nikamsikia mama yule akicheka.

Kisha Goreti akaenda kusimama pale pale alipokuwa anasimama siku za mazoezi, uso kaskazini, akauimba ule wimbo. Piano haikuwepo. Jua lilikuwa juu na soko limechangamka, lakini wale mama wa dagaa waliacha kugeuza dagaa, na vijana wa boti hawakuwa na la kusema. Mwalimu hakuweza tena kutembea kinyumenyume, magoti yalikuwa yanamsumbua, kwa hiyo akanipa mimi ishara. Nikarudi nyuma nikisikiliza. Nikavuka dagaa bila kuwakanyaga, nikapita vibanda, nikapanda njia ya kwenda mjini. Goreti alipofika pale sauti inapopanda, pale ambapo binti haamini macho yake, nilikuwa mbali kiasi cha kumwona kama doa, na nilimsikia kana kwamba anaongea begani kwangu. Haukuwa tena wimbo wa mtu anayengoja. Alikuwa anamwita mtu ambaye anajua aliko.

Baadaye, vita vilipotulia, meli ikaja kumrudisha Goreti na mama yake kwao, zamu yao ilipofika. Nilikwenda bandarini kuwaaga. Nilikuwa na mengi ya kumwambia Goreti, niliyapanga njia nzima, na unanijua mimi: nikabaki na salamu tu. Yeye ndiye aliyesema.

"Siku ile ungenificha, ningeimba, na labda ningeshinda. Halafu nisingekuamini tena, wala wimbo, wala watu wanaonipigia makofi."

"Najua. Mwalimu aliniambia."

"Lakini uliyesema ni wewe. Kwa mdomo wako. Mwalimu hajui Kirundi." Akacheka kidogo. "Kaburi nitakwenda kulipalilia."

Meli ikatoka. Mwalimu Lubunga tulimzika Ujiji, ule uma wake tukamweka nao. Goreti sijamsikia tena. Labda anafundisha watoto kwenye kilima fulani juu ya Rumonge, labda sauti imezeeka kama mikono yangu hii isiyoweza tena kupiga kinanda. Ziwa likitulia asubuhi huwa nashuka Katonga, nasimama kwenye ile njia, mahali pale pale, na kusikiliza. Wauza dagaa wa siku hizi ni wajukuu wa wale wa zamani, wananiuliza, "Babu, unamngoja nani?" Nawaambia nimekuja kununua dagaa. Nawanunua kweli, ili nisiwe mwongo.

Basi nisikilize, mwanangu, wewe uliyemaliza chuo na kichwa kinakuzunguka kama changu kilivyozunguka. Kufikiri si kosa. Fikiri. Lakini ukijikuta umekaa peke yako unapima maisha ya mtu mwingine, unampangia ajue nini na asijue nini, kwa faida yake, simama. Inuka uende ukamwambie. Habari ya mtu ni mali yake, hata iwe chungu, hata imfungie mlango. Ukimficha umemwacha peke yake ukumbini, na watu wote wanajua. Mpelekee nyumbani kwake, mketishe, mwambie taratibu, kisha kaa naye. Hilo la kukaa naye usilisahau, ndilo linaloifanya habari ibebeke.

Nami nakuombea. Mungu akupe kifua kipana na sauti inayofika mbali bila kupayuka. Akupe wimbo, na mtu wa kumwimbia. Siku yako ya uchungu ikija, maana itakuja, akuletee mlangoni mtu atakayeitamka habari bila kuificha, asiondoke akishaitamka. Na wewe, mwanangu, uwe mtu huyo kwa wengine. Amina.